Sura ya Nne: Chama cha Meja Remer

Jumapili ya tarehe 6 Mei 1951, wananchi wa Niedersachsen, jimbo kubwa la kaskazini mwa Ujerumani Magharibi, walikwenda vituoni kuchagua bunge lao la jimbo. Ilikuwa imepita miaka sita tu tangu Hitler ajiue ndani ya handaki lake mjini Berlin. Kura zilipohesabiwa, chama ambacho hakikuwa kimetimiza hata miaka miwili kilikuwa kimejizolea kura zaidi ya 366,000, sawa na asilimia 11, na kuingiza wabunge 16. Chama hicho kiliitwa Sozialistische Reichspartei, kwa kifupi SRP, yaani Chama cha Kisoshalisti cha Reich. Viongozi wake walikuwa makada wa zamani wa NSDAP, chama cha Hitler, na hawakuona haya kujulikana hivyo. Mikutano yao ilitumbuizwa kwa gwaride la Badenweiler, muziki uleule ambao enzi za Hitler ulipigwa yeye mwenyewe anapoingia ukumbini.

Mwaka mmoja na nusu baada ya uchaguzi huo, SRP ilikuwa imefutwa. Vitabu vingi humaliza habari yake kwa sentensi moja: Mahakama ya Katiba ilikipiga marufuku. Ni kweli, ila ukweli huo ni nusu. Kabla majaji hawajatoa hukumu yao, chama kilikuwa kimekwisha kupokonywa dai lililokipa uhai, kwamba Wajerumani waliompinga Hitler walikuwa wasaliti wa nchi yao. Dai hilo lilipelekwa mahakamani, likapimwa kwa ushahidi mbele ya umma, likaanguka. Ndipo marufuku ikafuata. Naamini mpangilio huo, ukweli kwanza na rungu la dola baadaye, ndio unaostahili kusomwa na kila nchi inayotafuta namna ya kukabiliana na watu wanaotaka kuurudisha udhalimu uliokwisha kuangushwa.

Udongo uliokiotesha

SRP ilizaliwa Hannover tarehe 2 Oktoba 1949, miezi michache tu baada ya Katiba mpya ya Ujerumani Magharibi kuanza kazi. Waanzilishi wake walijitoa, au walitolewa, katika chama kingine cha mrengo wa kulia kilichowaona wamevuka mipaka. Mwenyekiti alikuwa Fritz Dorls, mbunge wa Bunge la Shirikisho mjini Bonn. Pembeni yake alikuwapo Gerhard Krüger, aliyekuwa kiongozi wa umoja wa wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1933, mwaka ambao wanafunzi hao walichoma vitabu hadharani. Na alikuwapo Otto Ernst Remer, mwanajeshi mstaafu mwenye cheo cha meja jenerali, msemaji hodari, ambaye ndiye aliyejaza kumbi.

Walipata wapi wasikilizaji? Niedersachsen ya miaka ile ilikuwa jimbo la watu waliopoteza. Mamilioni ya Wajerumani walikuwa wamefukuzwa kutoka Prussia Mashariki, Silesia na maeneo mengine yaliyochukuliwa na Poland na Umoja wa Kisovieti, na sehemu kubwa yao walimiminikia mashamba ya kaskazini. Ilipofika mwaka 1950, zaidi ya robo ya wakazi wa jimbo walikuwa wakimbizi. Familia za watu sita au saba zilibanana katika chumba kimoja nyumbani kwa mkulima ambaye hakuwataka. Huko Wilhelmshaven, gati na karakana za jeshi la majini zilizokuwa zikiuendesha mji mzima zilibomolewa. Huko Salzgitter, wafanyakazi waliandamana kuzuia mitambo ya chuma ising'olewe na Waingereza waliokuwa wakitawala eneo hilo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1949 kuingia 1950, Wajerumani Magharibi wapatao milioni 2 hawakuwa na kazi.

Juu ya dhiki hiyo kulikuwa na kinyongo cha kundi jingine: maofisa wa jeshi lililovunjwa, walimu, makarani na watumishi wa chama waliofukuzwa kazi kwa sababu ya uanachama wao wa zamani. Walijiona wameadhibiwa kwa kutii amri. Dalili zilionekana mapema. Novemba 1948, huko Wolfsburg, mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha Volkswagen na uliojaa wakimbizi, chama kidogo cha mrengo wa kulia kilipata takriban theluthi mbili ya kura za halmashauri. Uchaguzi ule ulibatilishwa, lakini watu waliopiga zile kura walibaki palepale.

SRP iliwaendea watu hawa na kuwaambia walichotaka kusikia. Iliwaambia kwamba Reich, dola la zamani la Kijerumani, haijafa, na kwamba kiongozi wake halali ni Admirali Karl Dönitz, aliyeachiwa madaraka na Hitler na ambaye wakati huo alikuwa akitumikia kifungo katika gereza la Spandau. Iliwaambia kwamba serikali ya Bonn ni kibaraka wa Wamarekani. Kuhusu Wayahudi waliouawa, wasemaji wake walikana, walipunguza, au walidai kwamba ushahidi wa vyumba vya gesi ulitengenezwa na washindi wa vita. Na juu ya yote iliwaambia kwamba Ujerumani isingeshindwa lau isingesalitiwa kutoka ndani.

Chama kilijipanga kama NSDAP ilivyojipanga. Amri zilitoka juu na wanachama walitii. Kulikuwa na kikosi cha walinzi wa mikutano kilichoitwa Reichsfront, na umoja wa vijana ulioitwa Reichsjugend. Wanachama wa kadi walifikia takriban 10,000. Idadi hiyo si kubwa kwa nchi ya mamilioni ya watu, lakini katika vijiji vya Niedersachsen ilitosha. Katika baadhi ya vijiji hivyo SRP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote.

Simu ya tarehe 20 Julai

Ili kuelewa kwa nini usaliti lilikuwa neno kuu la chama hiki, ni lazima turudi Berlin, Alhamisi ya tarehe 20 Julai 1944. Siku hiyo Kanali Claus von Stauffenberg alitega bomu katika makao makuu ya Hitler huko Prussia Mashariki, akarudi Berlin kwa ndege akiamini Hitler amekufa. Wenzake katika jeshi walianza kutekeleza mpango wa kuuteka mji mkuu. Jenerali Paul von Hase, kamanda wa kijeshi wa Berlin, alimwamuru meja mmoja wa miaka 31 azingire mtaa wa wizara na kumkamata Joseph Goebbels, waziri wa propaganda. Meja huyo alikuwa Remer, kamanda wa kikosi cha walinzi, mwenye nishani aliyoipokea kutoka mkononi mwa Hitler mwenyewe.

Remer alizingira mtaa kama alivyoamriwa. Kisha akaingia ofisini kwa Goebbels. Waziri yule, aliyejua kusoma watu, hakupiga kelele. Alimkumbusha kiapo chake, akamwambia Fuehrer yu hai, akanyanyua simu, akaomba aunganishwe na makao makuu na kumkabidhi meja mkono wa simu. Sauti upande wa pili ilimuuliza kama anaitambua. Remer aliitambua, akasimama wima. Hitler alimpa hapohapo mamlaka ya kurejesha utulivu katika mji mkuu. Saa chache baadaye mapinduzi yalikuwa yamezimwa na Stauffenberg amepigwa risasi uani mwa makao makuu ya jeshi. Remer alirushwa daraja moja zima hadi kuwa kanali. Jenerali von Hase, mkubwa wake aliyempa amri mchana, alinyongwa tarehe 8 Agosti. Katika miezi iliyofuata watu wapatao 200 waliuawa kwa kuhusishwa na jaribio lile. Vita iliendelea kwa zaidi ya miezi tisa mingine, na katika miezi hiyo Wajerumani wengi kupindukia walipoteza maisha, pamoja na Wayahudi, wafungwa na raia wa mataifa mengine ambao mauaji yao yangeweza kukomeshwa.

Mtu aliyebeba historia hiyo alikuwa na njia mbili. Angeweza kukiri kwamba siku ile alimwokoa muuaji. Au angeweza kushikilia kwamba alifanya haki, na hapo ilimlazimu kuwafanya waliouawa kuwa wahalifu. Remer alichagua njia ya pili, na maelfu ya wanajeshi wa zamani walimpigia makofi, kwa maana aliwaondolea swali lililowakera wao pia: kama Stauffenberg alikuwa na haki, sisi tuliotii hadi siku ya mwisho tulikuwa nani? Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wazalendo wa Kijerumani walieneza uzushi kwamba jeshi lao halikushindwa vitani bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa wa nyumbani. Uzushi huo ulimsaidia Hitler kupanda. SRP ilikuwa ikiunda uzushi wa aina hiyohiyo kwa ajili ya vita ya pili.

Serikali ya jimbo na ya shirikisho zilikuwa zimejaribu mbinu za kawaida. Majimbo kadhaa yalimpiga Remer marufuku kuhutubia. Tarehe 4 Mei 1951, siku mbili kabla ya uchaguzi, serikali ya Konrad Adenauer iliipiga marufuku Reichsfront na kutangaza kwamba itaiomba Mahakama ya Katiba ikifute chama chenyewe. Hatua hizo hazikuzuia kura zile 366,000. Oktoba mwaka huohuo, SRP ilipata asilimia 7.7 na viti 8 katika jimbo la Bremen.

Braunschweig, Machi 1952

Usiku wa tarehe 3 Mei 1951, akihitimisha kampeni mjini Braunschweig, Remer alisema kwamba waliokula njama dhidi ya Hitler walikuwa kwa sehemu kubwa wahaini waliolipwa na nchi za nje. Waziri wa Mambo ya Ndani wa shirikisho, Robert Lehr, ambaye mwenyewe alikuwa karibu na duru za wapinzani wa Hitler, aliwasilisha malalamiko ya jinai. Mwendesha mashtaka aliyepewa jalada, naye mwanachama wa zamani wa NSDAP, aliona kesi haina mashiko na alitaka iachwe. Mkuu wake alilichukua jalada mwenyewe.

Mkuu huyo alikuwa Fritz Bauer. Alikuwa Myahudi wa Stuttgart, mwanachama wa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia, na katika umri mdogo alikuwa ameshateuliwa kuwa hakimu. Mwaka 1933 Wanazi walimfunga kambini Heuberg. Mwaka 1936 alikimbilia Denmark, na mwaka 1943 akavuka kwenda Sweden kuokoa maisha yake. Alirudi Ujerumani mwaka 1949 akijua kwamba angefanya kazi katika korido zilizojaa mahakimu waliowahi kumtumikia Hitler. Alirudi kwa sababu aliamini sheria inaweza kuwafundisha watu.

Kesi ya kashfa, kwa kawaida, ni jambo la siku moja na faini. Bauer aliigeuza kuwa baraza la taifa zima. Ilisikilizwa kuanzia tarehe 7 hadi 15 Machi 1952, na wanahabari walifurika. Alileta wanateolojia wa Kiprotestanti, Hans Joachim Iwand na Ernst Wolf, na wa Kikatoliki, Rupert Angermair, waeleze kama Mkristo anaruhusiwa kumpinga mtawala dhalimu. Alimleta mwanahistoria Percy Ernst Schramm, aliyewahi kutunza shajara ya vita katika kamandi kuu ya majeshi, aeleze hali ya vita ilivyokuwa Julai 1944. Ndugu wa waliouawa waliingia katika kesi kama walalamikaji. Watu ambao kwa miaka minane walikuwa wakitajwa kwa minong'ono, watoto wao wakiitwa watoto wa wasaliti, sasa walizungumzwa kwa heshima mahakamani.

Hoja za Bauer zilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibiwa. Kwanza kiapo: kuapa utii usio na mpaka kwa mtu mmoja, badala ya kuapa kwa Mungu, kwa sheria au kwa nchi, ni jambo lisilo na uhalali wa kimaadili, na kiapo cha namna hiyo hakimfungi mtu kushiriki uovu. Pili usaliti: haini ni yule anayekusudia kuidhuru nchi yake. Julai 1944 vita ilikuwa imekwisha kushindwa, na serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa imewasaliti raia wake. Waliotaka kuikomesha vita walitaka kuokoa maisha ya Wajerumani waliosalia. Tatu dola: serikali inayoua maelfu kwa maelfu ya watu kila siku imejivua haki ya kutiiwa, na kila mtu ana haki ya kujilinda na kuwalinda wengine dhidi yake. Katika maneno yake ya mwisho alikumbusha pia kwamba alisoma shule moja na Stauffenberg mjini Stuttgart.

Hakimu mkuu wa kesi, Joachim Heppe, mwenyewe aliwahi kuwa askari aliyetekwa Stalingrad. Alikuwa akisikiliza jambo lililomgusa. Tarehe 15 Machi mahakama ilimtia Remer hatiani kwa kuwakashifu na kuwavunjia heshima marehemu, ikamhukumu kifungo cha miezi mitatu. Kifungo kilikuwa kidogo, lakini uzito ulikuwa katika maelezo ya hukumu: dola ya Wanazi haikuwa dola ya sheria, na watu wa tarehe 20 Julai hawakuwa wasaliti. Mahakama ya Kijerumani, yenye mahakimu wa Kijerumani, ilikuwa imesema hivyo bila kushurutishwa na jeshi la kigeni. Mtu yeyote aliyetaka kurudia dai la Remer sasa alijua kwamba limekwisha kusikilizwa na kukataliwa. Remer hakutumikia kifungo chake. Alitoroka, akaenda Misri. Aliyekuwa akiwasema wenzake kwa kukosa ujasiri na utii aliwaacha wafuasi wake wakabiliane na dola peke yao.

Wiki chache kabla ya hukumu hiyo, chama kilikuwa kimepata fedheha nyingine. Mbunge wake wa Bonn aliyejulikana kama Dakta Franz Richter, aliyejitambulisha kuwa mwalimu mkimbizi kutoka Sudeten, alikamatwa tarehe 20 Februari 1952 ndani ya jengo la Bunge. Jina lake halisi lilikuwa Fritz Rössler, ofisa wa zamani wa NSDAP huko Sachsen. Baada ya vita alijitungia utambulisho mpya, akazusha kwamba Rössler amekufa, kisha akamwoa upya mke wake mwenyewe kana kwamba ni mjane wa Rössler huyo. Alihukumiwa mwaka mmoja na nusu jela. Chama kilichojinadi kwa heshima ya askari wa Kijerumani kilikuwa na mbunge mwenye jina la kughushi bungeni na jemadari aliyekimbia nchi.

Karlsruhe

Ombi la kukifuta chama lilifikishwa Mahakama ya Katiba ya Shirikisho mjini Karlsruhe mwezi Novemba 1951. Mahakama hiyo ilikuwa imeanza kazi miezi miwili tu kabla. Kifungu cha 21 cha Katiba kiliipa mamlaka ambayo Jamhuri ya Weimar, iliyotangulia utawala wa Hitler, haikuwa nayo: kutamka kwamba chama kinachokusudia kuvunja misingi ya demokrasia ni kinyume cha Katiba. Ni mahakama peke yake yenye uwezo huo. Waziri au Kansela haruhusiwi kukifuta chama cha wapinzani wake kwa kalamu yake.

Majaji walifanya kazi kwa makini. Walisoma barua za viongozi, orodha za wanachama, mihadhara na kanuni za ndani. Julai 1952 waliizuia SRP isifanye propaganda hadi hukumu itakapotoka. Septemba uongozi wa chama ulitangaza kukivunja wenyewe, kwa matumaini kwamba hakutakuwa tena na cha kuhukumu. Mahakama iliendelea. Tarehe 23 Oktoba 1952 ilitamka kwamba SRP ni kinyume cha Katiba, ikaamuru mali yake itaifishwe, ikapiga marufuku vyama mbadala vya kuirithi, na wabunge wake wakapoteza viti vyao siku hiyohiyo.

Hukumu ile ilifanya jambo moja zaidi ambalo limedumu kuliko chama chenyewe. Ili kusema SRP imevunja nini, majaji walilazimika kueleza demokrasia inasimama juu ya nini. Waliorodhesha: haki za binadamu, mamlaka ya wananchi, mgawanyo wa madaraka, serikali inayowajibika, utawala unaofuata sheria, mahakama huru, vyama vingi vyenye fursa sawa, na haki ya kuunda na kuendesha upinzani. Orodha hiyo bado inatumiwa na mahakama za Ujerumani.

Gharama yake

Wapiga kura wa SRP hawakuyeyuka. Uchumi ulianza kupanda kwa kasi. Sheria ya mwaka 1952 ya kugawana mzigo wa vita iliwapa fidia wakimbizi na waliopoteza mali. Viwanda vilitafuta watu, nyumba zilijengwa, na mtu aliyepata kazi na chumba chake hakuwa na haja kubwa ya kusikia kwamba Reich ingali hai. Baadhi ya makada walihamia Deutsche Reichspartei, chama kidogo ambacho mwaka 1953 kiliambulia asilimia 1.1 tu kitaifa.

Lakini amani hiyo ilinunuliwa pia kwa njia ambayo haipasi kusifiwa. Sheria ya mwaka 1951 iliwarudisha kazini maelfu ya watumishi waliofukuzwa kwa sababu ya Unazi. Walimu, mapolisi na mahakimu wa enzi ya Hitler walirudi kwenye meza zao. Hans Globke, aliyeshiriki kuandika ufafanuzi wa sheria za kibaguzi za Nürnberg, mwaka 1953 alikuwa mkuu wa ofisi ya Kansela. Wengi wa watu hawa waliacha siasa za Hitler kwa sababu demokrasia iliwapa mshahara na pensheni. Waliokuwa wameteswa waliwaona watesi wao wakipandishwa vyeo. Anayeisifu Ujerumani ya miaka ile bila kutaja jambo hili anawanyima haki yao kwa mara ya pili.

Na silaha iliyotumika dhidi ya SRP haikubaki dhidi ya SRP tu. Mwaka 1956 mahakama ileile ilikifuta chama cha Kikomunisti, KPD, ambacho baadhi ya wanachama wake walikuwa wamefungwa katika kambi za Hitler, na maelfu ya watu wakafuatiliwa na polisi. Ujerumani ilijifunza kuogopa rungu hilo. Mwaka 2017, ilipoombwa kukifuta NPD, mrithi wa kambi hiyohiyo ya siasa aliyezaliwa Hannover mwaka 1964, Mahakama ya Katiba ilikataa. Ilisema malengo ya chama hicho ni kinyume cha Katiba, lakini hakina uwezo wa kuyafikia.

Remer hakubadilika. Alirudi Ujerumani, akaendelea kukana mauaji ya Wayahudi hadi uzeeni, akahukumiwa kifungo mwaka 1992, akakimbia tena, safari hii Hispania, ambako alikufa mwaka 1997. Hukumu haikumgeuza moyo, na haikuwa kazi yake kufanya hivyo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kijana wa Braunschweig aliyezaliwa mwaka 1940, akimsikia babu au mwalimu akiwaita watu wa tarehe 20 Julai wasaliti, ana mahali pa kwenda kusoma jibu. Bauer alilielewa hili vizuri. Kutoka Braunschweig alihamia Frankfurt, na mwaka 1963 aliwafikisha mahakamani waliokuwa wasimamizi wa kambi ya mauaji ya Auschwitz, na mashahidi walioponea chupuchupu wakasimama na kueleza waliyoyaona.

Kwa hiyo tunapouliza nini kiliiangusha SRP, tutaje yote matatu kwa mpangilio wake: uongo wake uliitwa ujibu mbele ya umma, watu waliokipigia kura walipata sababu ya kutokihitaji, na mahakama huru, kwa sababu zilizoandikwa, ilikifunga. Nchi inayoanza na la tatu na kuyaacha mawili ya kwanza itafunga ofisi ya chama na kukuta wenyewe wamehamia mtaa wa pili.